Siku Huanza Lini? Tarehe na Saa za Kiswahili katika Lugha ya PHP

Makala haya yanaeleza tatizo linalojitokeza pale tarehe na saa za Kiswahili zinapoandikwa kwa PHP, lugha ya programu iliyotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995 kwa ajili ya kurasa za intaneti. Tatizo hilo, ingawa laonekana kuwa la kihesabu, kwa hakika ni la kisemantiki.

PHP huhesabu sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia (UTC). Ikitajiwa eneo la Africa/Dar_es_Salaam, huongeza saa tatu, kisha hutoa tarehe inayobadilika usiku wa manane. Mswahili, kwa upande wake, huhesabu saa za mchana tangu mapambazuko na za usiku tangu magharibi. Hivyo 07:00 ya mashine ni saa moja asubuhi.

Ili kupata saa hiyo, mwandishi wa programu aweza kupunguza saa sita au kuziongeza. Katika saa yenye tarakimu 12 jibu ni lile lile. Kinachotofautiana ni siku. Tuchukue mfano wa abiria wa Kilimarondo, wilayani Nachingwea, aliyearifiwa kuwa gari litaondoka "Jumatano saa nane usiku". Akihesabu siku tangu alfajiri, usiku huo hufuata mchana wa Jumatano, nao kwa mashine ni Alhamisi, 02:00. Kupunguza saa sita huirejesha Jumatano yake. Akifuata hesabu ya Kiislamu, ambamo siku huanza magharibi, usiku wa Jumatano hutangulia mchana wake. Hesabu hiyo ndiyo inayotokana na kuongeza saa sita. Baina ya fasiri hizi mbili pana saa 24: abiria aweza kukesha bure au kuachwa na gari.

Yafuatayo yanapendekezwa. Kwanza, wakati uhifadhiwe katika UTC, na ugeuzaji ufanywe wakati wa kuonyesha tu. Pili, programu isiandike "Jumatano usiku" kwa saa zilizopita usiku wa manane, bali "usiku wa kuamkia Alhamisi". Kirai hiki, ambacho wazungumzaji wanacho tayari, hutaja siku inayokuja na hivyo huondoa utata ambao hesabu peke yake haiwezi kuuondoa.