Nilimdai mteja asiye na deni: majedwali manne yaliyookoa biashara yangu

Mfanyabiashara mwenzangu, leo nakusimulia aibu yangu, halafu nikuonyeshe nilivyoitibu.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, nilimwandikia mteja WhatsApp: "Dada, naomba unimalizie ile elfu arobaini na tano, nataka kwenda Kariakoo kufuata mzigo." Hakujibu kwa maneno. Alinitumia skrinishoti ya muamala: alishalipa yote wiki tatu nyuma. Nikafungua daftari haraka haraka. Kumbe mwenye deni ni Mama Junior wa Tabata, na niliyemdai ni Mama Junior wa Mbagala. Kwenye simu nilikuwa na Mama Junior mwingine wa tatu, wa Morogoro. Nikaja kuomba radhi, nikakuta ameshanibloku. Na huyo ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza kabisa.

Tatizo halikuwa kutoandika. Nilikuwa naandika sana! Jina kwenye daftari, oda kwenye WhatsApp, malipo kwenye meseji za simu, nauli ya boda kichwani. Mteja mmoja alikuwa na majina matatu, na jina moja lilikuwa na wateja watatu.

NAMBA, SIYO JINA

Shida hii wenye kompyuta kubwa walishakutana nayo zamani. Mwaka 1970 Mwingereza mmoja, Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani, aliandika makala akipendekeza taarifa zipangwe kwenye majedwali yanayounganishwa na thamani zilizomo ndani yake, kama namba. Hapo ndipo zilipotoka hifadhidata za uhusiano. Hata simu yako ya Android hutunza majina na meseji kwa mtindo huo.

Kwa lugha ya dukani, wazo ni hili:

1. Kila aina ya kitu ina jedwali lake. Wateja kwao, bidhaa kwao.
2. Kila mstari una namba yake isiyojirudia. Boda nyekundu ziko nyingi mjini, ila namba ya usajili ni moja tu.
3. Jedwali moja likitaka kutaja kitu cha jedwali lingine, linataja namba yake basi. Mteja akihama nyumba, unabadilisha sehemu moja tu.

Huhitaji kununua programu. Mimi nilianza na Google Sheets kwenye simu, ni ya bure. Excel nayo inafaa. Fungua faili moja, weka kurasa nne:

WATEJA: A namba (W001, W002...), B jina, C simu, D mahali.

BIDHAA: A namba (B01, B02...), B jina la bidhaa.

ODA: A namba ya oda, B tarehe, C namba ya mteja, D namba ya bidhaa, E idadi, F bei ya kuuza, G bei ya kununua, H nauli niliyolipa mimi.

MALIPO: A tarehe, B namba ya oda, C kiasi.

Mteja akichukua bidhaa mbili, andika mistari miwili ya oda, kila mmoja na namba yake.

Kwa nini malipo yana ukurasa wake? Kwa sababu wateja wetu wanalipa kidogo kidogo. Oda moja inaweza kuwa na malipo manne. Ukiyabana yote kwenye kisanduku kimoja, utaanza kufuta na kuandika upya, na siku mteja akikubishia huna tarehe ya kumwonyesha.

Na kwa nini bei iko kwenye ODA, siyo kwenye BIDHAA? Hapa wengi tunakosea. Bei inapanda na kushuka kila ukienda kufuata mzigo. Ukivuta bei kutoka BIDHAA, ukija kuibadilisha leo, na oda za miezi iliyopita zinabadilika, hesabu zote za nyuma zinakuwa uongo. Andika bei ya siku ile kwenye oda ya siku ile.

SASA ACHA IKUHESABIE

Kwenye ODA ongeza safu tatu. Hizi ni za mstari wa 2, ukimaliza zikopi kwenda chini.

I, jina la mteja:
=VLOOKUP(C2,WATEJA!A:B,2,0)
Maana yake: nenda WATEJA, tafuta namba iliyoko C2, niletee kilichoandikwa safu ya pili. Ikikuletea #N/A usiogope. Inakwambia namba hiyo haipo WATEJA, umekosea kuandika.

J, deni lililobaki:
=E2*F2-SUMIF(MALIPO!B:B,A2,MALIPO!C:C)
Chukua thamani ya oda, toa malipo yote yenye namba ya oda hii.

K, faida:
=E2*(F2-G2)-H2

Kisha nenda BIDHAA, safu ya C, andika:
=SUMIF(ODA!D:D,A2,ODA!K:K)
Hiyo inakusanya faida ya kila bidhaa. Kama programu inakataa koma, jaribu nukta mkato (;), inategemea mipangilio yako.

ILICHONIONYESHA

Nilikaa usiku mbili nikiingiza oda za miezi mitatu. Usiku wa tatu nikaangalia ile safu ya BIDHAA, usingizi ukakata.

Viatu vya watoto ndivyo nilivyokuwa najivunia. Vinatoka kila siku, nikipost tu inbox inajaa. Nanunua 12,000, nauza 18,000, kichwani najua nina faida 6,000. Lakini nilikuwa natangaza "delivari bure", kwa hiyo boda 3,000 naitoa mimi. Saizi ikigoma, 3,000 kukirudisha, 3,000 nyingine kupeleka kipya. Jumla 9,000. Kila pea iliyobadilishwa ilinitia hasara ya 3,000, na zilikuwa nyingi. Mitandio niliyokuwa naidharau, nanunua 4,500, nauza 8,000, haina saizi, hairudi. Ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba, na viatu vinakula mtaji wake.

Sikuacha viatu. Sasa mteja anapima mguu wa mtoto kwa rula, ananitumia sentimita kabla sijafunga mzigo. Nauli ya viatu analipa mwenyewe. Wapo waliokimbia, lakini safu ya viatu haisomi tena hasara.

MAKOSA YALIYONICHELEWESHA

Niliandika pesa kama "15,000/=". Programu inaona hayo ni maneno, haijumlishi. Andika 15000 tu.

Namba za simu zilipoteza sifuri ya mbele. Anza na alama ya ritifaa ('), sifuri itabaki.

Nilifuta mteja niliyedhani hanunui tena, kumbe ana deni. Hifadhidata kamili inaweza kuwekwa ikatae kufuta mtu mwenye oda, na ikatae oda ya mteja asiyekuwepo. Google Sheets haikuzuii hivyo, umakini unabaki kwako. Ukifika pa kuwa na wasaidizi watatu wanaoingiza oda kwa wakati mmoja, hapo anza kufikiria programu yenye hifadhidata kamili. Hizi kurasa nne zitahamia huko bila shida.

Na tafadhali, usiache linki ya faili wazi kwa kila mtu. Humo mna namba za simu za watu waliokuamini.

Usijitese kuhamisha daftari zima leo. Usiku huu fungua WATEJA tu, andika kumi wa mwisho walionunua, kila mmoja na namba yake. Kesho ODA.

Kwangu, W001 ni Mama Junior wa Mbagala. Nilimtumia salamu na ombi la radhi kupitia rafiki yake, akasema amesamehe. Ila mpaka leo oda yake ya mwisho ni ile aliyoilipa yote, nami nikamdai tena.