Mwanao anataka kuuza hisa: kwanza kumbuka butura

Mzazi wa Karagwe au Kyerwa hahitaji kufundishwa maana ya butura. Kahawa bado maua mtini, ada ya shule inadaiwa, mtu anakuja na fedha mkononi, unamwachia mavuno kwa bei yake. Msimu ukifika wenzako wanapeleka kahawa ya maganda mnadani, wewe unavuna ya mwenzio. Serikali inaipiga vita kila mwaka, na bado ipo.

Sasa tuseme kijana wako amerudi kutoka chuo. Yeye na rafiki yake wametengeneza programu ya simu ya kumbukumbu za wakulima kuanzia Nkwenda hadi Omurushaka. Anakwambia: "Baba, kuna mtu anataka kuwekeza." Usimkatize, lakini pia usisaini chochote usiku huo.

Swali la kwanza: huyo mtu anataka hisa au dhamana? Mwekezaji wa kampuni changa hununua sehemu ya kampuni. Kampuni ikifa, fedha yake imekufa nayo, na kibanja chako hakimhusu. Akijiita mwekezaji huku anataka karatasi za kibanja, huyo ni mkopeshaji. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa kuwa na leseni, hata akiwa mtu mmoja. Mwombe aionyeshe. Na baba asiweke nyumba ya familia rehani kimyakimya: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi. Mama, sahihi yako hapo ni nguvu ya kisheria, si heshima tu ya kumridhisha mtoto.

Kama kweli ni hisa, hapo ndipo butura inapojificha. Tuseme mwekezaji anatoa shilingi milioni 60 kwa asilimia 20, na vijana wawili wanabaki na asilimia 40 kila mmoja. Inapendeza. Lakini mikataba mingi ya namna hii ina kifungu kwamba kampuni ikiuzwa, mwekezaji arudishiwe kwanza fedha yake yote. Ikiuzwa kwa milioni 70, yeye anachukua 60. Vijana wanagawana 10, yaani milioni 5 kila mmoja. Bila kifungu hicho kila mmoja angepata milioni 28. Si wizi, maana ndiye aliyehatarisha fedha. Ila mwanao akijue kabla ya kusaini, na aulize kama ni kurudishiwa mara moja au mara mbili.

Tena kila anapoingia mwekezaji mpya, sehemu ya waanzilishi hupungua. Y Combinator ya Marekani, iliyoipokea NALA ya Mtanzania Benjamin Fernandes mwaka 2019, siku hizi huchukua asilimia 7 kwa dola 125,000. Hiyo ni hatua ya mwanzo tu. NALA ilitangaza dola milioni 40 nyingine mwaka 2024, na wanaotoa fedha kama hizo hawatoi bure. Asilimia ndogo ya kitu kikubwa inaweza kuwa mali. Mwekezaji wa kwanza akichukua nusu, wanaofuata hawakuti cha kununua.

Kinachovunja wengi, kwa maoni yangu, ni rafiki kuliko mwekezaji. Wawili wanagawana nusu kwa nusu kirafiki, mmoja anapata ajira Mwanza baada ya miezi sita, anaondoka na nusu yake. Dawa ni kuandika kwamba hisa zinakomaa kidogo kidogo, kwa kawaida kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka hapati kitu. Hili liandikwe kwenye mkataba wa wanahisa wakati bado wanacheka pamoja.

Na wewe uliyetoa milioni 2 za kahawa? Andikeni ni mkopo, zawadi au hisa. Mjomba naye vilevile. Kama ni hisa, jina lako lionekane katika usajili wa BRELA. Ahadi ya mezani haikufanyi mwanahisa. Ila kijana asitangaze hisa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo na kanisa: Sheria ya Makampuni hairuhusu kampuni binafsi kuualika umma kununua hisa, na wanahisa wake, ukiacha wafanyakazi, hawapaswi kuzidi 50.

Kabla ya kuuza hata asilimia moja, waulize halmashauri, Kayanga au Kyerwa, kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hutolewa kwa vikundi, haina riba wala haichukui hisa. Lazima irudishwe, na foleni ni ndefu.

Mkataba ukija kwa Kiingereza, kama inavyokuwa mara nyingi, mpeleke kijana kwa wakili wa kwenu, si wa mwekezaji. Nauli ya Bukoba na ada ya wakili zikikushinda, kopa hizo.