Programu Iliyostaafishwa Haiagi

Wapo watu ambao kila asubuhi huwasha kompyuta, huiamuru isasishe programu zote, kisha huenda zao kunywa chai. Kwa mifumo mingi hilo halina ubaya. Kwa mfumo wa Linux unaosasishwa mfululizo, usiokuwa na toleo la mwaka huu wala la mwaka ujao, mtu aweza kurudi na kikombe mkononi akakuta kioo cheusi.

Juma hili tuuangalie mfumo mmoja wa aina hiyo, Arch Linux, ulioanzishwa na Judd Vinet wa Kanada mwaka 2002. Programu inapopata toleo jipya huingizwa katika ghala la mfumo, na amri moja, pacman -Syu, huileta hadi kwenye kompyuta yako. Lakini ghala hilo halipokei tu, hutoa pia. Programu ambayo waundaji wake wameitelekeza huondolewa, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Kwani kuondolewa ghalani si kuondolewa kwenye kompyuta yako. Programu hiyo hubaki, na pacman haikuambii neno. Ni kama mpangaji katika nyumba isiyo na mwenyewe: paa likivuja, hakuna wa kuliziba. Chukua lugha ya Python 2. Waundaji wake waliacha kuihudumia mwanzoni mwa mwaka 2020, na Arch ikaitoa ghalani Septemba 2022. Aliyekuwa nayo aliendelea kuwa nayo, ila bila marekebisho ya usalama.

Kuna programu kongwe zinazokaa kimya miaka mingi. Nyingine hugombana. Programu nyingi hutegemea faili za pamoja, ziitwazo maktaba. Maktaba inapopanda toleo huku programu iliyostaafishwa ingali inadai lile la zamani, pacman hugoma kusasisha chochote, ikisema kwamba kuweka kitu fulani kutavunja utegemezi wa kingine. Wengi hudhani mfumo umeharibika. La hasha! Ujumbe huo unamtaja mgomvi kwa jina. Usome hadi mwisho. Wengine, kwa haraka zao, husasisha programu moja tu na kuziacha nyingine nyuma. Watunzaji wa Arch hawaungi mkono jambo hilo, na wana haki, maana ndivyo kompyuta nzima inavyopata matoleo yasiyoelewana.

Je, utawajuaje wastaafu? Andika pacman -Qm. Utapata orodha ya kila kilichomo kwenye kompyuta yako lakini hakimo ghalani. Usichokitumia kiondoe kwa pacman -Rns. Unachokihitaji kitafutie mbadala wake.

Mbadala huo mara nyingi hupatikana AUR, mkusanyiko wa watumiaji wenyewe, ambako mtu yeyote aweza kuweka kitu. Nasisitiza: mtu yeyote. Mwezi Julai 2025 viliwekwa humo vifurushi vilivyojifanya matoleo yaliyorekebishwa ya vivinjari vya intaneti, kumbe vilibeba programu ya kumwezesha mgeni kuitawala kompyuta ya mwenzake kutoka mbali. Vilifutwa baada ya siku mbili hivi. Kwa hiyo soma maandishi ya kifurushi kabla hujakiweka, hata kama ni marefu na yanachosha.

Jambo la mwisho ni lile la Desemba 2025. Kampuni ya NVIDIA, katika programu yake ya toleo la 590 ya kuendeshea kadi za picha, iliziacha kadi kongwe zikiwemo za GTX 1060 na 1080. Arch ilitoa tangazo kwenye ukurasa wake wa mbele. Mwenye kadi hizo aliyesasisha bila kulisoma alijiweka katika hatari ya kukosa madirisha na picha. Dawa ilikuwamo katika tangazo lenyewe: kuondoa kifurushi kipya na kuweka nvidia-580xx-dkms kutoka AUR.

Ukipatwa na kioo cheusi, usikimbilie kufuta kila kitu. Bonyeza Ctrl, Alt na F2 kwa pamoja. Mara nyingi utapata ukurasa wa maandishi wa kutolea amri. Matoleo ya zamani, kama hukuyafuta, yamo katika /var/cache/pacman/pkg, nayo hurudishwa kwa pacman -U. Basi usilisafishe jalada hilo siku ileile uliyosasisha.