Taa Isiyopepesa: Kutafuta Hitilafu katika Saketi ya Zizini

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ina ua pande zote isipokuwa kusini, inakopakana na nyanda za Kitengela katika Kajiado. Kwa upenyo huo simba hufika hadi mazizini. Richard Turere, mvulana wa Kimaasai wa Kitengela aliyejifunza elektroniki kwa kuifungua redio ya mamaye, alibuni taa za kuwafukuza akiwa na umri wa miaka 11. Mnamo Februari 2013 aliueleza uvumbuzi huo katika kongamano la TED nchini Marekani: paneli ya jua huchaji betri ya gari, betri hupeleka umeme kwenye flasha, yaani kile kisanduku cha indiketa ya pikipiki, nayo flasha huzipepesa balbu zilizotolewa katika tochi mbovu. Simba hudhani kuna mtu anayezunguka boma.

Makala haya yanahusu siku saketi kama hiyo inapoharibika. Taa zikizimika zote, mwenye boma atajua mara moja na kukesha. Hatari kubwa zaidi ni taa kuwaka pasipo kupepesa, kwani achunguliaye dirishani huona mwanga akalala. Kabla ya taa, Turere alijaribu sanamu ya mtu. Simba waliiogopa siku ya kwanza, siku ya pili wakatambua kwamba haisogei, wakaua mifugo. Mwanga ulioganda nao ni sanamu tu.

Kwa nini ugande? Flasha za zamani zina kibati kinachopashwa joto na mkondo unaovutwa na balbu. Kikipata joto hupinda na kukata njia, kikipoa hurudi. Balbu moja ikiungua, au zikibadilishwa kwa LED zinazotumia umeme kidogo, joto halitoshi kukipinda. Kwa hiyo balbu zihesabiwe kabla ya flasha kulaumiwa. Anayetaka LED atafute flasha ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Zikizimika zote, fundi huanzia kwenye betri. Volti 12.6 betri ikiwa imepumzika si ushahidi wa kutosha. Ipimwe taa zikiwa zimeunganishwa, na volti zikiporomoka, betri imechoka. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake huoshwa kwa maji ya magadi, ambayo Kajiado haina uhaba nayo, baada ya kufungua nyaya na bila tone kuingia ndani. (Mafundi wetu huuita umeme “moto”, na swali “moto umefika wapi?” linabeba mbinu yote kuliko istilahi nyingi tunazobuni vyuoni.) Ncha moja ya mita hubaki kwenye hasi ya betri, nyingine husogezwa kutoka chanya hadi fyuzi, swichi, flasha na balbu. Pale volti zinapotoweka, kosa liko kati ya hapo na kituo kilichotangulia: mara nyingi ni kiungo kilichosokotwa kwa mkono bila kulehemiwa. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, kuna shoti. Kuiongezea unene ni kualika moto wa kweli.

Jaribio la mwisho hufanywa magharibi, nalo lidumu walau dakika kumi, kwa sababu flasha yenye kasoro huweza kuanza vyema, kisha ikaganda ikishapata joto.