Kombe la Chalenji na Maana ya Taifa: Kutoka Gossage hadi Machakos

Utangulizi

Kola ni kituo cha biashara kilichoko kusini mwa mji wa Machakos, kando ya barabara iendayo Wote. Kiutawala, Kola ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Mji wa Machakos, na ndani ya eneo bunge hilo hilo ndimo ulimo Uwanja wa Kenyatta. Tarehe 17 Desemba 2017, uwanja huo ulikuwa mwenyeji wa fainali ya mashindano ya kandanda ya mataifa ya Afrika Mashariki na Kati. Mashindano ambayo kwa vizazi kadhaa yalikuwa habari za redioni yalikuwa yamefika umbali wa safari moja ya matatu.

Waliokutana siku hiyo ni Kenya na Zanzibar. Hapo ndipo linapozuka swali linalostahili kuzingatiwa. Zanzibar si mwanachama wa Shirikisho la Kandanda la Kimataifa (FIFA), wala haichezi katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Je, iliingiaje uwanjani Machakos ikiwa timu ya taifa? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kufuatilia historia ya mashindano yenyewe.

Chimbuko la Mashindano

Mashindano haya yalianza mwaka 1926 yakijulikana kama Kombe la Gossage. Jina hilo lilitokana na mfadhili wake, kampuni ya sabuni ya Gossage ya Uingereza. Mwanzoni yalikuwa ni pambano la pande mbili tu, Kenya na Uganda. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata mwaka 1949.

Jambo moja linafaa kutiliwa mkazo hapa. Hakuna hata moja kati ya timu hizo nne iliyowakilisha dola huru. Kenya ilikuwa koloni, Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini, Uganda na Zanzibar zilikuwa nchi lindwa. Hata hivyo, kila moja iliingia uwanjani kwa jina lake, na kila moja ilikuwa na watu walioiona kuwa ni timu yao. Kwa maneno mengine, timu za taifa zilitangulia kuzaliwa kabla ya dola. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Uganda mwaka 1962, Kenya na Zanzibar mwaka 1963.

Kutoka Gossage hadi Chalenji

Uhuru ulipopatikana, haikuwa ajabu jina la mtengenezaji sabuni kuwekwa kando. Kuanzia mwaka 1967, mwaka ule ule ulipotiwa sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mashindano yaliitwa Kombe la Chalenji. Mwaka 1973 liliundwa Baraza la Vyama vya Kandanda vya Afrika Mashariki na Kati, yaani CECAFA, na milango ikafunguliwa kwa nchi nyingine. Uganda ilitwaa kombe la kwanza la enzi hiyo mpya. Baadaye Malawi, Zambia, Zimbabwe, Sudan, Ethiopia na Rwanda nazo zilionja ushindi.

Majina yenyewe ni ushahidi wa mapito hayo. Jina la kwanza ni la mfanyabiashara wa kigeni, la pili ni neno la mkopo lililotoholewa likawa la Kiswahili, na la tatu ni ufupisho wa jina la chombo cha nchi zenyewe. Nchini Tanzania jina la Chalenji lilishika mizizi zaidi, ilhali Kenya hutajwa sana Kombe la CECAFA. Kombe ni lile lile.

Nguvu ya mashindano haya ilidhihirika wakati siasa ilipowatenganisha majirani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Hata hivyo, mwaka 1977 mashindano yalifanyika Mogadishu. Mwaka 1981 yalifanyika Tanzania, na Kenya ikaifunga Tanzania bao 1-0 katika fainali mpaka ukiwa bado umefungwa. Kombe lilidumu pale jumuiya iliposhindwa.

Nchi, Taifa na Dola

Wanafunzi wa Kiswahili wanajua kuwa maneno nchi, taifa na dola hukaribiana lakini hayalingani. Nchi ni ardhi na wenyeji wake. Taifa ni watu waliounganishwa na historia na hisia ya kuwa kitu kimoja. Dola ni mamlaka yenye serikali. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa swali lililoulizwa mwanzoni.

Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964 zikawa dola moja. Kwa kanuni za kimataifa za kandanda, dola moja huwa na chama kimoja, ingawa Uingereza ina timu nne kwa sababu za kihistoria. Hivyo Taifa Stars ndiyo timu ya Jamhuri ya Muungano. Lakini ndani ya Kombe la Chalenji utaratibu wa zamani haukufutwa. Tanzania Bara huja kwa jina la Kilimanjaro Stars, na Visiwani huja kwa jina la Zanzibar Heroes. Mwaka 1995 Zanzibar ililitwaa kombe hilo katika mashindano yaliyofanyika Uganda.

Ndiyo maana mwaka 2017 ulikuwa na uzito wa pekee. Mwezi Machi, mkutano mkuu wa Shirikisho la Kandanda la Afrika (CAF) uliofanyika Addis Ababa uliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Mwezi Julai uamuzi huo ulibatilishwa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi mitano baadaye, vijana wale wale walikuja Kenya. Waliifunga Tanzania Bara 2-1 katika hatua ya makundi, kisha wakaitoa Uganda, bingwa mtetezi, kwa mabao 2-1 katika nusu fainali.

Machakos, Desemba 2017

Machakos ulikuwa makao ya awali ya utawala wa Waingereza katika bara la Kenya, lakini reli iliupita kando, na makao yakahamia Nairobi mwaka 1899. Kandanda ya mataifa nayo ilifuata njia hiyo hiyo ya Nairobi kwa miaka mingi. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, viwanja vya kaunti vilianza kupata nafasi, na mwaka huo huo Machakos ukawa miongoni mwa vituo vya mashindano haya. Kenya ililitwaa kombe tarehe 12 Desemba, siku ilipoadhimisha miaka 50 ya uhuru, kwa kuifunga Sudan 2-0 jijini Nairobi.

Miaka minne baadaye, fainali yenyewe ilifika Machakos. Kenya ilitangulia kufunga mapema. Zanzibar ikasawazisha zikiwa zimesalia dakika chache. Katika muda wa nyongeza Kenya ilipata bao la pili, na Zanzibar ikasawazisha tena karibu papo hapo. Matokeo yakawa 2-2, na Kenya ikashinda kwa mikwaju ya penalti 3-2. Zanzibar haikupata kombe, lakini hoja yake ilikuwa imeonekana waziwazi uwanjani: timu iliyonyimwa kiti mezani ilikuwa mkwaju mmoja tu nyuma ya bingwa.

Hitimisho

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Kombe la Chalenji limekuwa ugomvi wa namna hiyo, wa ndugu wasiotengana. Lakini mfululizo wake umelegea. Halikufanyika miaka ya 2014, 2016 na 2018. Uganda ililitwaa mwaka 2019 nyumbani kwake, na mashindano ya mwaka 2021 nchini Ethiopia yakawa ya vijana wa chini ya miaka 23.

Yapo wanaoona kuwa hasara si kubwa, kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa mashindano makubwa zaidi. Mwezi Agosti 2025 ziliandaa kwa pamoja Ubingwa wa Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, na Uwanja wa Amaan wa Zanzibar ulitumika. Hata hivyo, Amaan ulikuwa mwenyeji wa mashindano ambayo Zanzibar yenyewe haikuwa na timu. Kwa Kenya au Uganda, Kombe la Chalenji likikosekana, njia nyingine zipo. Kwa Zanzibar, ndilo kombe linaloitambua kwa jina lake miongoni mwa majirani zake wote. Anayelihuisha kombe hili huhuisha pia maana pana ya neno taifa, ile iliyoshuhudiwa katika uwanja ulio jirani na Kola.