Utomvu wa msonobari: Pato linalotangulia mbao

MKULIMA anayepanda msonobari, au mpaini kama wengi wanavyouita, sharti awe na subira. Mti huo huchukua zaidi ya miaka 15 kabla ya kufaa kupasuliwa mbao, na katika muda huo shamba humdai gharama za kupogoa, kupunguza miti na kuilinda dhidi ya moto.

Ndiposa ugemaji wa utomvu unawavutia wenye misitu. Katika miaka ya hivi karibuni, kazi hiyo imeanza katika Shamba la Miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, Tanzania.

Utomvu huo si yale maji yanayopanda kutoka mizizini. Ni kinga ya mti. Msonobari ukikatwa au kutobolewa na wadudu, hutoa ute mzito unaonata ili kuziba kidonda na kuzuia kuvu. Mgemaji huulazimisha mti kujitibu tena na tena.

Kwanza yeye hukwangua magamba ya nje, kisha hutoa ukanda mwembamba wa gome na kufunga kopo au mfuko wa plastiki chini yake. Baada ya majuma mawili hivi hurudi na kukata ukanda mwingine juu ya ule wa awali. Wengi hupaka dawa yenye asidi ya salfa ili kidonda kisizibe upesi. Asidi hiyo huunguza ngozi na macho, kwa hivyo glavu na miwani si mapambo.

Zamani nchini Ufaransa, utomvu ulitiririkia shimo lililochimbwa penye shina na kuchanganyika na mchanga. Mnamo 1844, Pierre Hugues alisajili mbinu ya kuukinga kwa kijungu kilichoning'inizwa mtini. Makopo ya leo yanafuata wazo hilohilo.

Kiwandani, utomvu hupashwa moto. Mvuke wake hupozwa ukawa tapentaini, inayotumika katika rangi na manukato. Kinachosalia ni rosini, kitu kigumu cha rangi ya asali ambacho hutengenezewa gundi, wino wa kuchapishia na sabuni. Wacheza fidla nao huipaka kwenye upinde.

Mti mzuri hutoa takriban kilo mbili hadi nne kwa mwaka. Hata hivyo, si kila msonobari ni mkarimu. Pinus elliottii na Pinus caribaea husifika kwa wingi wa utomvu, ilhali Pinus patula, uliotapakaa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, hutoa kidogo. Baridi ya milimani nayo hupunguza mtiririko.

Hapo ndipo hesabu huwa ngumu. Kidonda hukatwa kwenye gogo la chini, ambalo ndilo lenye thamani kubwa zaidi kwa mpasua mbao. Mkato ukizidi thuluthi moja ya mzingo wa shina, au mti ukigemwa kabla ya kufikia unene wa sentimita 20 hivi, ukuaji hudhoofika. Aidha, utomvu uliokauka kwenye shina hushika moto kwa urahisi.

Bei nayo haiamuliwi shambani, kwani China na Brazil ndizo zinazoongoza kwa uzalishaji duniani. Anayekodisha miti yake kwa mgemaji ana haki ya kudai mkataba utaje upana na kina cha mkato, idadi ya miaka ya kugema, na atakayelipa fidia endapo miti itakauka au kuteketea.