Usiku mtoto wa Lubumbashi alipofunga pointi 30 na timu yake ikatolewa

Ilikuwa saa saba za usiku kwa saa za kwetu mashariki mwa Kongo, Ijumaa tarehe 18 Machi 2022. Saa hiyo Misisi, wilayani Fizi, huwa imelala. Jenereta zimezimwa na anayebaki macho ni mchimbaji aliye shimoni, tochi kichwani. Kule Indianapolis, Marekani, ilikuwa bado Alhamisi jioni, na kijana kutoka Lubumbashi alikuwa anaingia kiwanjani. Jina lake Oscar Tshiebwe, na katika mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani hakuna mchezaji aliyekuwa akitajwa kuliko yeye mwaka huo. Kulipokaribia kupambazuka kwetu, msimu wake ulikuwa umekwisha.

Tunairudia habari hiyo kwa sababu vijana wengi wa Misisi, Lulimba na Baraka wanaijua NBA kupitia simu. Mtu akipata mega kidogo anatazama vipande vya mechi, anajua nani amefunga ngapi. Lakini njia ile inayopita chuoni, yaani mtu anacheza huku anasoma, haijulikani sana hapa, wala bei yake haijulikani.

Michuano yenyewe ilianza mwaka 1939. Siku hizi huingia timu 68 za vyuo vikuu, na huchezwa kati ya Machi na mwanzo wa Aprili. Hakuna mechi ya marudiano. Ukipoteza mara moja, unapanda ndege na kurudi darasani. Timu hugawanywa katika kanda nne, na katika kila kanda hupangwa kuanzia nafasi ya 1, ambayo ni ya timu inayodhaniwa kuwa bora, hadi ya 16. Wa 1 huanza na wa 16, wa 2 huanza na wa 15, na kuendelea hivyo. Kwa hesabu ya kawaida wakubwa wanapaswa kupita bila jasho. Lakini watu hukesha wakitazama kwa ajili ya zile siku ambazo hesabu hiyo inavunjika.

Tshiebwe alikuwa anachezea Kentucky, chuo chenye mataji manane ya michuano hii, la mwisho likiwa la mwaka 2012. Alizaliwa Novemba 1999. Alipofika Marekani alikuwa bado kijana wa shule ya sekondari, akasoma kwanza Virginia, kisha Pennsylvania, katika nchi ambako mwalimu hafundishi kwa Kifaransa. Akaingia chuo kikuu cha West Virginia, akaondoka katikati ya msimu wake wa pili, akahamia Kentucky kwa kocha John Calipari. Msimu wa 2021–2022 ndipo jina lake lilipovuma: wastani wa pointi 17,4 na ribaundi 15,1 kwa kila mechi.

Hapa inafaa tusimame kidogo kwenye hiyo ribaundi, maana ndiyo kazi iliyomfikisha pale. Mchezaji anarusha mpira, unagonga chuma cha kikapu, unarudi. Nani ataudaka? Si lazima awe mrefu kuliko wote. Tshiebwe ana urefu wa kama mita 2,06, na katika basketi wapo wengi wanaompita. Anayeudaka ni yule aliyesoma mapema mpira utaangukia wapi, akaweka mgongo wake mbele ya mwenzake, akakubali kupigwa viwiko. Ni kazi ya kuokota kilichowashinda wengine. Wanaowajua mama zetu wanaotwanga mawe pembeni ya machimbo, wakitafuta chembe katika kile ambacho mwenye shimo amekiacha, wataielewa haraka. Mnamo Desemba 2021, katika mechi moja dhidi ya Western Kentucky, Tshiebwe alidaka ribaundi 28. Timu nzima inaweza kumaliza mechi bila kufika mbali zaidi ya hapo.

Kentucky basi iliingia michuanoni ikiwa nafasi ya 2 katika kanda ya Mashariki. Mpinzani wake alikuwa Saint Peter's, chuo kidogo cha Wajesuiti kutoka Jersey City, nafasi ya 15. Chuo hicho hakikuwa kimewahi kushinda hata mechi moja ya michuano hii tangu kianzishwe. Kabla ya usiku ule, timu za nafasi ya 15 zilikuwa zimewaangusha wa nafasi ya 2 mara tisa tu.

Mechi ikaenda kwa namna ambayo mashabiki wa Kentucky hawakuiota. Vijana wa Saint Peter's hawakuogopa jina. Daryl Banks alifunga pointi 27. Doug Edert, aliyetokea benchi, akafunga 20. Dakika za kawaida zilipokwisha timu zilikuwa sawa, 71 kwa 71. Katika muda wa nyongeza wadogo wakafunga 14, wakubwa 8. Mwisho: Saint Peter's 85, Kentucky 79.

Na Tshiebwe? Pointi 30 na ribaundi 16. Ukitazama karatasi ya takwimu peke yake ungedhani ni mtu aliyeshinda. Wiki zilizofuata akapewa tuzo zote kubwa za mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vikuu nchini Marekani, ile ya Naismith, ile ya Wooden, na nyingine. Mchezaji bora wa nchi nzima, na timu yake ilitoka siku ya kwanza aliyocheza. Mimi nimejaribu kutafuta mfano wa namna hiyo kwenye kabumbu letu, sijaupata.

Saint Peter's waliendelea kuwaangusha Murray State na Purdue, wakawa timu ya kwanza ya nafasi ya 15 kufika robo fainali ya michuano hiyo. North Carolina wakawasimamisha kwa 69–49. Kikosini mwao walikuwemo mapacha wawili kutoka Mali, Hassan na Fousseyni Drame, kwa hiyo Afrika ilikuwa pande zote mbili usiku ule wa Indianapolis. Fainali ilichezwa New Orleans tarehe 4 Aprili. Kansas walikwenda mapumziko wakiwa nyuma kwa pointi 15, wakarudi na kuwashinda North Carolina 72–69. Mchezaji bora wa hatua ya mwisho alikuwa Ochai Agbaji wa Kansas, ambaye baba yake ni mzaliwa wa Nigeria.

Sasa tuje kwenye bei. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanamichezo wa Marekani waliruhusiwa kuvuna pesa kwa majina na sura zao: matangazo, fulana, saini. Wenzake Tshiebwe kikosini waliweza. Yeye alikuwa na visa ya mwanafunzi, na visa hiyo inambana mgeni asifanye kazi ya malipo ndani ya nchi ile. Mtu ambaye picha yake ilikuwa kila mahali alilazimika kuchunga kila mkataba usije ukamfukuzisha. Mnamo Agosti 2022 Kentucky walikwenda kucheza visiwa vya Bahamas, na huko, nje ya mipaka ya Marekani, ndiko alikoweza kufanya kazi ya matangazo. Siku chache ugenini zikafanya kile ambacho msimu mzima haukuruhusu.

Hiyo haina maana kwamba njia ya chuo ni mbaya. Dikembe Mutombo, aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024, alitoka Kinshasa kwenda Georgetown kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari. Basketi ilimkuta hukohuko. Mwaka 1989 alikuwemo katika timu ya Georgetown iliyofika robo fainali ya michuano hiihii na kutolewa na Duke. Alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, akacheza misimu 18 katika NBA, na hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa mwaka 2007. Udaktari hakuupata, ila wagonjwa wanatibiwa.

Kuna na njia nyingine. Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, hakucheza chuo hata siku moja. Alijiunga na timu ya vijana ya kulipwa, akachaguliwa wa 7 katika uchaguzi wa NBA wa mwaka 2021, na Juni 2022, miezi mitatu tu baada ya machozi ya Tshiebwe, akavaa pete ya ubingwa na Golden State Warriors akiwa na umri wa miaka 19. Ukimweleza kijana wa Misisi habari hizi mbili, bila shaka atachagua ya Goma. Nani asingechagua? Tatizo ni kwamba mlango wa Kuminga hufunguka kwa wachache sana, wakati mlango wa chuo unadai kitu ambacho hata mtu wa kimo cha kawaida anaweza kukitafuta: karatasi za shule zilizo halali, alama za darasani, diploma ya Serikali.

Na hapo ndipo Misisi inapoumia. Ni mji wa dhahabu. Mtoto anayeona wenzake wakirudi kutoka machimboni na noti mfukoni huona daftari kuwa upotevu wa muda, na mzazi asiye na pesa ya shule hana jibu la haraka. Barabara ya kutoka Baraka hadi huku, mvua zikichachamaa, malori hulala njiani. Kocha wa kutafuta vipaji hapiti. Anayepita mara nyingine ni mtu wa maneno matamu anayemwambia kijana mrefu kwamba visa ipo tayari, alete tu dola. Chuo cha kweli kikimtaka mchezaji huuliza kwanza alama zake za shule.

Tshiebwe alirudi Kentucky msimu mwingine mmoja. Machi 2023, katika mechi ya kwanza ya michuano, alidaka ribaundi 25 na Kentucky wakawashinda Providence 61–53. Mechi iliyofuata alifunga pointi 25 na kudaka ribaundi 18 dhidi ya Kansas State, na kwa mara nyingine wakapoteza, 75–69. Juni mwaka huo majina 58 yalisomwa katika uchaguzi wa NBA. Lake halikusomwa. Indiana Pacers walimpa mkataba wa muda, wa kupanda na kushuka kati ya timu kubwa na timu ya ligi ya chini, kisha Utah Jazz nao wakampa kama huo. Huko chini aliendelea kufanya ileile kazi ya Lubumbashi na Kentucky, kuweka mgongo mbele ya mwenzake na kungoja mpira unaorudi.